HISTORIA YA CHEREHANI YETU KUBWA

Leo tunatimiza miaka 10. Kamati imeniomba niandike habari za cherehani ya mifarishi, maana wanachama wapya wanaikuta tu chumbani, hawajui ilivyotutoa jasho.

Cherehani zina historia ndefu. Huko Marekani Elias Howe alisajili ya kwake mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851. Miaka hiyo ya 1850 kampuni ya Singer ikaanza kuziuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Lakini mifarishi akina mama wa huko waliendelea kuishona kwa mkono, wamekaa kuizunguka fremu ya mbao. Mwaka 1966 akina mama weusi wa Alabama walianzisha ushirika wao, Freedom Quilting Bee, wakauza mifarishi mpaka New York. Nao walianza na vipande vya vitambaa na umoja, kama sisi.

Sisi tulianza na vyerehani vya miguu. Pale kati ya sindano na mwili wa cherehani nafasi ni inchi 6 mpaka 8 tu. Mfarishi wa kitanda kikubwa unagoma kupita, mgongo unauma, mishono inakwenda upogo. Cherehani ya mkono mrefu ni kinyume: kitambaa kinatulia kwenye fremu, cherehani ndiyo inatembea juu ya reli.

Mwaka wa sita akiba ikatosha kununua iliyotumika. Sitaficha, mimi nilitaka fremu ya futi 12. Nilisema kubwa ndiyo heshima ya kikundi. Mama Mweka Hazina hakubishana. Alichukua futi kamba akapima chumba. Kumbe urefu ni futi 11! Akaniambia, "Mama Mwenyekiti, tubomoe ukuta kwa hisa za watu?" Wenzangu walicheka, mimi nikaona aibu.

Basi tukakaa kuhesabu. Mfarishi wa kitanda cha 5 kwa 6, ukiuacha uning'inie, unafika futi 7 kwa 8. Urefu hauna taabu, unaviringishwa kwenye bomba. Upana ndio unaotaka fremu. Kwa hiyo fremu ya futi 8 inatosha, na mtu anapita pembeni. Mkono tukachagua wa inchi 18. Msidhani inchi zote zinashona: kitambaa kilichoviringishwa kinakula nafasi, na kadiri unavyoendelea ndivyo inavyopungua. Tukauliza na umeme pia, kwani za Marekani nyingi ni za volti 110 na wetu ni 230. Bila transfoma tungeiunguza siku ya kwanza.

Fedha iliyobaki ilinunua pamba na vitambaa, kazi ikaanza mwezi uleule. Tungefuata tamaa yangu, hisa zenu zingelala zimefungwa kwenye maboksi.

Akina mama wenzangu, kabla ya kununua pima chumba, pima kitanda, pima mfuko. Na mwenyekiti akikosea, mwambieni. Futi kamba ile bado imetundikwa ukutani.

Udumu umoja wetu.

Mwenyekiti wenu