Kamirithu, Kijiji Kilichomsahihisha Profesa

Miaka ya 1970, wanafunzi wa fasihi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa na desturi ya kuzunguka nchini wakiigiza bila kiingilio. Walifika, wakashangiliwa, wakaondoka. Kamirithu, huko Limuru, mambo yalikwenda kinyume: kijiji ndicho kilichomfuata msomi.

Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa hapo alibisha kwa Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa idara ya fasihi, akamtaka agawane elimu yake na wanakijiji. Hakuridhika na ahadi. Alirudi Jumapili baada ya Jumapili mpaka Ngugi akasalimu amri.

Wakazi wa Kamirithu walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata na wakulima wa vishamba. Kijiji chenyewe kilizaliwa wakati wa hali ya hatari miaka ya 1950, Waingereza walipowahamisha watu kwa nguvu. Kazi ilianza na masomo ya ngumbaru, yakiongozwa na Ngugi wa Mirii, mtafiti wa taasisi ya maendeleo ya chuo hichohicho. Watu wazima walijifunza kusoma huku wakijadili mishahara, ardhi na walivyoipata au kuipoteza.

Humo ndimo mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulimochipuka. Hao Ngugi wawili waliandika rasimu kwa Kikuyu, wakaileta mbele ya watu, nayo ikachambuliwa vilivyo. Wazee walirekebisha lugha ya wahusika wazee, wakaonyesha nyimbo na sherehe zilivyopaswa kuendeshwa. Aliyewahi kuwaundia wapiganaji wa Mau Mau bunduki aliwafundisha waigizaji kutengeneza za mfano. Mwelekezi, Kimani Gecau, naye mhadhiri, alifanyia mazoezi hadharani, mpita njia akiwa huru kukosoa. (Nawaza ni wahadhiri wangapi leo wangeivumilia kamati ya namna hiyo.) Wanakijiji wakajijengea ukumbi usio na paa wa kuketi watu wapatao 2,000.

Mchezo ulifunguliwa Oktoba 1977. Novemba serikali ikaupiga marufuku, na mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa. Alikaa kizuizini katika gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa, na alipotoka Desemba 1978 chuo hakikumrudishia kazi. Kwangu hilo ndilo doa kubwa: serikali ilifanya ililozoea, lakini chuo kilimtupa mtu aliyekitekelezea wajibu wake.

Kijiji hakikukata tamaa. Mwaka 1982 kilileta mchezo mwingine, Maitu Njugira. Kiliponyimwa Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, kikafanyia mazoezi chuoni na maelfu wakafurika, hadi utawala ukaamriwa kuufunga ukumbi. Machi mwaka huo polisi waliubomoa ukumbi wa Kamirithu. Ngugi wa Mirii na Gecau wakakimbilia Zimbabwe, wakaendeleza huko sanaa ya jukwaani ya jamii.

Palipokuwa na ukumbi pakajengwa chuo cha ufundi cha vijana. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ulirudi jukwaani Nairobi, ndani ya lile Jumba la Kitaifa walilofungiwa watu wa Kamirithu miaka 40 kabla.