Jana Alionekana, Leo Hajulikani

Mwaka 1953 kule Paris walicheza kwa mara ya kwanza mchezo wa Samuel Beckett, En attendant Godot. Watu wawili wanamngoja bwana mmoja karibu na mti, naye haji. Jioni kijana anawaletea habari kwamba atakuja kesho. Kesho yake mjumbe anasema hajapata kuwaona. Kungoja ni kuchungu, lakini kutotambuliwa ni kuchungu zaidi.

Sisi wa Masisi tusiucheke mchezo huo. Tangu mwaka 1937 hata 1955 Wabeleji walileta watu wa Rwanda, wakawaweka Gishari, katika inchi ya Wahunde. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wale waliokaa Kivu kabla ya 1960. Ile ya 1981 ikawanyang’anya. Waliojulikana jana hawakujulikana tena. Wahunde nao waliona udongo wa babu zao umegawanywa, wakajiuliza: Je, sisi ni wageni kwetu? Mwaka 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaingia Masisi.

Ndugu mapadri na wakatekista, mtu asiyejua yeye ni nani humfuata yeyote anayempa jina, hata likiwa jina la chuki. Katika kitabu cha ubatizo Mhunde na Munyarwanda wameandikwa ukurasa mmoja, wala hakuna sheria ya serikali inayoweza kuwafuta humo. Basi tuwajue watu wetu mmoja mmoja, ili kesho wakija tusiwaambie: Hatujapata kuwaona.