Niko, lakini niko wapi? Kidogo juu ya historia ya udhanaishi



Mwezi uliopita nilitoka Kiziba alfajiri, nikapanda basi Karongi mpaka Nyabugogo, Kigali. Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa skolashipu ya chuo kikuu. Mezani walikaa watu watatu. Mmoja akaniuliza ninataka kusoma nini, nikamjibu: falsafa, sana sana udhanaishi. Akawaangalia wenzake, akatabasamu. "Kijana, wewe ni mkimbizi. Chagua kitu kitakachokulisha." Hakusema kwa ubaya. Hata mama yangu anasema hivyo hivyo. Lakini nilinyamaza, na ule ukimya unanisumbua mpaka leo. Jibu ambalo sikulitoa siku ile ndilo hili.

Udhanaishi ni nini? Waliosoma fasihi ya Kiswahili wamelisikia neno hili wakifundishwa riwaya za Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, kama Kichwamaji ya 1974. Kwa ufupi, ni falsafa inayoanza na mtu mwenyewe anavyoishi, siyo na sheria za mbali. Oktoba 1945, vita vikuu vimekwisha tu, Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara Paris mbele ya umati wa watu. Alieleza kwamba mtu siyo kama jembe. Jembe, mhunzi anajua kazi yake kabla hajalifua. Mtu yeye anakuwepo kwanza, halafu kwa kuchagua na kutenda ndiyo anajitengeneza.

Wengi wanafikiri haya ni mambo ya watu walioshiba, wanaokaa mikahawani wakivuta sigara. Historia inasema vingine. Sartre mwenyewe alikamatwa na Wajerumani mwaka 1940, akawekwa kwenye kambi ya wafungwa wa vita. Na kuna Hannah Arendt, ambaye sisi wakimbizi tungepaswa kumjua zaidi.

Arendt alikuwa Myahudi, alizaliwa Ujerumani mwaka 1906. Mwaka 1924 alianza chuo kikuu Marburg, akafundishwa na Martin Heidegger. Baadaye akaenda Heidelberg kwa Karl Jaspers, akapata udaktari mwaka 1928. Hao wawili walikuwa walimu wakubwa wa fikra hizi kwa Wajerumani. Miaka mitano baadaye Hitler akashika madaraka. Mwalimu Heidegger akaingia chama cha Hitler. Mwanafunzi wake akakamatwa na polisi, na alipoachiwa akakimbia nchi bila karatasi. Paris alifanya kazi ya kusaidia vijana wa Kiyahudi kuhama, karibu sawa na kazi za baadhi yetu hapa. Mwaka 1940 akafungiwa kambi ya Gurs, kusini mwa Ufaransa. Akatoka, akafika New York mwaka 1941. Uraia aliupata 1951. Hesabuni wenyewe: miaka 18 bila nchi.

Mwaka huo huo wa 1951 alitoa kitabu kikubwa juu ya tawala za kiimla. Humo anaeleza kwamba mtu asiye na nchi, kitu cha kwanza anachopoteza ni mahali pake duniani, yaani mahali ambapo neno lake lina uzito na kazi yake inaleta matokeo. Kambini unaweza kusema karibu chochote. Swali ni nani anasikia.

Mahali. Hapo ndipo ninamrudia mtu wa hapa hapa Rwanda. Basi letu la Kigali linapita Muhanga, na karibu na mji huo kuna Kabgayi, misheni ya zamani ya Wakatoliki. Padri Alexis Kagame (msimchanganye na Rais), aliyezaliwa mwaka 1912, alisoma seminari pale. Mwaka 1952 alichapisha kitabu juu ya taratibu za utawala wa wafalme wa Rwanda. Wakoloni wa Kibelgiji hawakukipenda, wakambana askofu wake, na padri akapelekwa Roma. Hakukaa kule kulia tu. Aliingia Chuo Kikuu cha Gregoriana, akaandika tasnifu juu ya maana ya kuwa katika Kinyarwanda, ikachapishwa Brussels mwaka 1956. Alirudi 1958. Chuo kikuu cha kwanza cha Rwanda kilipofunguliwa Butare mwaka 1963, akawa mmoja wa walimu wake wa mwanzo. Alifundisha pia Lubumbashi, kwetu Kongo.

Kagame alisema kwamba katika lugha za Kibantu huwezi kusema "mimi ni" halafu ukanyamaza. Msikilizaji anangoja: wewe ni nani? uko wapi? Kwa hiyo ile hoja ya Mfaransa Descartes, kwamba kufikiri kwake kunathibitisha yupo, kwetu inabaki pungufu mpaka uongeze sifa au mahali. Jaribuni kwa Kiswahili: nipo, niko, nimo. Po, ko, mo, zote ni mahali. Mnyarwanda ukimsalimu anajibu "turiho", na ile "ho" ni mahali pia. Paulin Hountondji wa Benin alimpinga vikali: lugha ya watu siyo falsafa yao, falsafa ni hoja ya mtu anayesimama na kuitetea. Ninaona anasema kweli kwa sehemu kubwa. Lakini swali la Kagame halinitoki kichwani.

Halinitoki juu mimi nilizaliwa Kiziba. Kambi ilianza 1996. Wazazi walitoka Masisi, mimi Masisi sijaiona. Kazi yangu ya kujitolea ni kusoma majina siku ya kuhakiki orodha. Ninaita jina, mtu anajibu "Niko!", ninaweka alama. Siku hizi neno hilo ninalisikia tofauti. Yule mama anayejibu "niko", yuko wapi? Kwenye orodha yuko. Penye maamuzi hayuko.

Nyinyi mnaofanya kazi na sisi, siwalaumu. Chakula kinahitajika, na ushonaji ni kazi ya heshima. Ninachosema ni kwamba falsafa hii siyo anasa. Arendt aliendelea nayo akiwa mkimbizi. Kagame aliandika yake akiwa ameondolewa kwao. Walikuwa na maneno ya kueleza wenyewe kilichowapata, juu chuo kiliwafundisha kuyatafuta. Sisi wanaotueleza ni wengine, kwenye ripoti.

Majibu ya usaili bado. Wiki hii kuna fomu nyingine, na penye kozi nimeandika tena falsafa. Sikuchagua kuzaliwa kambini, lakini neno hilo kwenye fomu nimelichagua mimi. Nanyi mngeandika nini? Niko hapa, ninasoma majibu yenu.