Seva inayotafuta njia nafuu ya kusafirisha mazao: inafanyaje kazi?

Kikundi cha wakulima chenye viazi Njombe na Makambako, na wateja Dar es Salaam na Mbeya, hujiuliza: mzigo upi uende wapi ili nauli iwe ndogo? Katika makala hii tunaeleza seva ya intaneti inayopiga hesabu za aina hiyo, na kazi ya wanaoisimamia.

Macho hudanganya

Tuchukue mfano. Tuseme kuna magunia 300 Njombe na 200 Makambako. Dar es Salaam wanataka 250, Mbeya 250. Kutoka Njombe, nauli ya gunia ni shilingi 9,500 hadi Dar es Salaam na 6,000 hadi Mbeya, kwa sababu kuna lori linalorudi Mbeya tupu. Kutoka Makambako ni 7,500 hadi Dar es Salaam na 5,000 hadi Mbeya.

Wengi wangeanza na nauli ndogo kuliko zote: magunia yote ya Makambako yaende Mbeya. Jumla inakuwa shilingi 3,675,000. Lakini ya Makambako yote yakienda Dar es Salaam, na Njombe ikapeleka 250 Mbeya na 50 Dar es Salaam, jumla ni 3,475,000. Hapo kikundi kimeokoa shilingi 200,000.

Kwa maghala mawili, kalamu inatosha. Kwa maghala 20 na masoko 30, inahitajika kompyuta. Mbinu moja kuu ya hesabu hizi, iitwayo simplex, ilibuniwa na Mmarekani George Dantzig mwaka 1947, na bado inatumika.

Seva ya NEOS

Seva hii ilianza mwaka 1996 katika maabara ya Argonne, Marekani. Sasa inaendeshwa na Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Mtumiaji huandika hesabu yake kwenye faili, huchagua programu ya kuikokotoa, kisha huituma kwa intaneti. Hupewa namba ya kazi na nywila ya kuchukulia jibu. Halipi chochote.

Msimamizi hufanya nini?

Kazi zinatoka nchi nyingi, kwa hiyo lazima kuwe na foleni. Msimamizi huweka kikomo cha muda na cha kumbukumbu ya kompyuta, ili hesabu moja kubwa isizuie za wengine; kwa kawaida kazi inayopita saa 8 husimamishwa. Pia huweka matoleo mapya ya programu, hufuatilia leseni na huzuia matumizi mabaya.

Leseni ni jambo la kuangalia. Baadhi ya programu zilizomo ni za kibiashara, na wenye nazo wanaruhusu zitumike bure kwa elimu na utafiti tu. Mwanafunzi anaweza kuzitumia kujifunza; mfanyabiashara asome masharti kwanza. Njia nyingine ni GLPK, programu huria inayowekwa bure kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Kabla ya kompyuta

Seva haijui kama barabara imeharibika kwa mvua au dereva amepandisha nauli. Inajua ulichoandika tu. Tunashauri kikundi kianze na daftari: kila ghala lina magunia mangapi, kila mteja anataka mangapi, na nauli ya kila njia ni kiasi gani leo. Namba hizo zikiwa za kweli, hata kijana mmoja mwenye kompyuta anaweza kuwasaidia.