Dhoruba, Vimbunga Na Utabiri Wa Kutisha: Hukmu Na Adabu Zake Kwa Familia Za Visiwani

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu. Swalaah na salaam zimshukie Mtume wetu Muhammad (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Amma ba'd,

Kila msimu wa mvua unapoingia, simu zetu hujaa habari za vimbunga. Nyingine ni za kweli, nyingine zimetiwa chumvi, na nyingine hazina asili kabisa. Maswali yanayotufikia kuhusu jambo hili yanarudi kwenye mambo matatu: je, kuamini utabiri wa hali ya hewa ni kudai elimu ya ghaibu? Nini hukmu ya anayesambaza habari za kutisha? Na familia ifanye nini katika 'ibaadah na maisha pale dhoruba inapokuja kweli? Tumekusanya majibu hapa kwa kadiri Allaah Alivyotuwezesha.

Visiwa vyetu na vimbunga

Kimbunga hupata nguvu zake kutoka kwenye bahari yenye joto la kiasi cha nyuzi 26 na zaidi. Kwa sababu ya mzunguko wa dunia, ni nadra kimbunga kusimama karibu na mstari wa Ikweta, na visiwa vyetu viko karibu nayo: Unguja iko nyuzi 6 kusini na Pemba nyuzi 5. Ndiyo maana wazee wetu wengi waliishi na kufa bila ya kukiona. Lakini nadra si muhali. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, kimbunga kingine kiliipiga Lindi.

Katika miaka ya karibuni, mwezi wa Aprili 2019, Kenneth kilipita kaskazini ya Ngazidja kisha kikapiga Cabo Delgado, Msumbiji. Aprili 2021, tukiwa katika Ramadhaan, Jobo kilielekea pwani ya Tanzania lakini kikadhoofika kabla ya kufika. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu, na hata hivyo mvua zake ziliikata barabara ya Lindi eneo la Somanga, na safari za boti baina ya Unguja na Dar es Salaam zikasimamishwa. Na Jumamosi ya tarehe 14 Disemba 2024, Chido kiliipiga Mayotte, kisiwa cha ndugu zetu Waislamu, kwa upepo uliozidi kilomita 220 kwa saa. Ilielezwa kwamba haikuwahi kutokea dhoruba ya namna hiyo huko kwa takriban miaka 90.

Je, kuamini utabiri ni kudai elimu ya ghaibu?

Neno "utabiri" ndilo linalowachanganya wengi, kwa kuwa kwa Kiswahili tunalitumia kwa mnajimu na tunalitumia pia kwa mtaalamu wa hali ya hewa. Hukmu zao hazifanani.

Mnajimu na mpiga ramli anadai kujua yaliyofichikana bila ya sababu inayoonekana. Hiyo ni haramu, na kumsadiki ni hatari kwa iymaan ya mtu. Mtaalamu wa hali ya hewa anatazama picha za satelaiti, joto la bahari, mgandamizo wa hewa na mwendo wa mawingu, kisha anasema linalotarajiwa. Huyo anasoma alama ambazo Allaah Ameziweka katika uumbaji Wake. Ni kama baharia wetu wa zamani aliyehesabu siku kutoka Nairuzi akajua lini kaskazi itaisha na lini kusi itaingia. Hakuna aliyemwambia kuwa anadai ghaibu.

Aayah ya mwisho ya Suwrat Luqmaan (31:34) inataja kuteremka kwa mvua miongoni mwa mambo ambayo elimu yake iko kwa Allaah. Elimu ya yakini na ya ukamilifu ya lini, wapi na kiasi gani ni Yake peke Yake. Anachokisema mtaalamu ni dhana yenye nguvu, na mwenyewe huipa kiwango cha uwezekano. Kwa hiyo inajuzu kuufuata utabiri kwa kuitakidi kwamba ni sababu tu, na kwamba Allaah Akitaka Huligeuza. Ni adabu njema kusema "In shaa Allaah" au "inatarajiwa". Haijuzu kuinasibisha mvua na nyota kwa kuitakidi kwamba nyota ndiyo iliyoileta. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliwatahadharisha Swahaba na jambo hilo baada ya usiku wa mvua pale Hudaybiyah, kama ilivyo katika Al-Bukhaariy na Muslim.

Jambo jingine linalohusiana na hili: utabiri ukikosea, haimaanishi kwamba aliyeutoa amesema uongo. Jobo hakikuwa uzushi. Kilikuwepo baharini, kisha kikadhoofika. Kila siku zinapokuwa nyingi mbele, ndivyo kutokuwa na uhakika kunavyozidi. Anayecheka baada ya dhoruba kupita mbali, na kusema kuwa hatosikiliza tena, ameibadilisha neema ya Allaah kuwa hoja ya uzembe.

Hukmu ya kueneza habari za kutisha

Suwrat Al-Hujuraat (49:6) inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Suwrat An-Nisaa (4:83) inawalaumu wanaoitangaza kila habari ya amani au ya khofu inayowafikia, badala ya kuirejesha kwa wenye mamlaka na ujuzi. Na katika Swahiyh Muslim imo Hadiyth ambayo maana yake ni kwamba yamtosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila alichokisikia.

Kwa hiyo anayesambaza kwa makusudi video ya kimbunga cha nchi nyingine akidai ni ya kwetu amekusanya uongo na kuwatisha Waislamu, na yote mawili ni haramu. Asiyejua ukweli wake akasambaza bila ya kuuliza, ameacha wajibu wa kuhakikisha. Kusema "nimeletewa tu" si udhuru.

Madhara yake hayaishi kwenye khofu ya usiku mmoja. Watu wakitishwa mara tano bila ya sababu, mara ya sita hawataondoka. Huko Mayotte onyo la Chido lilitolewa mapema, lakini wengi waliokuwa katika vibanda vya mabati hawakwenda kwenye majengo ya kujihifadhi. Baadhi yao hawakuamini kwamba ingekuwa kubwa hivyo, na baadhi, waliokuwa hawana karatasi za ukaazi, walihofia kukamatwa. Anayeichosha imani ya watu katika maonyo anashiriki katika madhara hayo, ajue asijue.

Linaingia hapa pia kusema kwa mkato kwamba kimbunga fulani ni adhabu kwa watu wa mji fulani. Msiba huweza kuwa adhabu, huweza kuwa mtihani, na huweza kuwa kafara ya madhambi. Kumhukumu mtu au mji mahsusi ni kusema juu ya Allaah bila ya elimu. Kila mmoja atubie kwa nafsi yake.

Namna ya kuitambua tahadhari ya kweli

1. Tazama imetoka wapi. Kwa Tanzania, mwenye mamlaka ya kutoa tahadhari ni Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Vimbunga vya eneo letu la Bahari ya Hindi hufuatiliwa na kituo cha kanda kilichopo kisiwa cha Réunion.

2. Tazama daraja yake. TMA hutumia "angalizo" kwa rangi ya njano, "tahadhari" kwa rangi ya chungwa, na "tahadhari kubwa" kwa rangi nyekundu. Habari isiyotaja daraja, tarehe wala eneo, bali inasema tu "mtume kila mtu haraka", iache.

3. Tazama tarehe. Tahadhari ya kweli ya mwaka uliopita ikirudishwa leo inakuwa ni uongo.

4. Tazama mahali. Pemba ni mbili: kisiwa chetu, na mji wa Pemba ulioko Cabo Delgado. Kimbunga kikielekea huko, mtu asikimbilie kumpigia mama yake aliyeko Wete kabla ya kusoma vizuri.

5. Tazama umbali wa siku. Ramani ya rangi kali inayoonesha siku kumi mbele ni makisio ya kompyuta ambayo huenda yakabadilika mara nyingi.

Maandalizi ni katika kutawakkal

Nabii Yuwsuf ('alayhis-salaam) alipojua kwamba miaka ya ukame inakuja, aliwaelekeza watu kuweka akiba ya nafaka (Suwrat Yuwsuf 12:47-48). 'Umar bin Al-Khattwaab (Radhwiya Allaahu 'anhu) alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni Shaam, alirudi. Abu 'Ubaydah alipomuuliza kama anaikimbia qadar ya Allaah, alimjibu kwamba wanaikimbia kuielekea qadar nyingine ya Allaah. Hayo ndiyo mafunzo yetu: kuhama bonde linalojaa maji, kukaza paa, kukata matawi yaliyoegemea nyumba, kuweka maji safi, tochi, dawa na vyeti katika mfuko usiopitisha maji.

Ama safari za bahari, Maulamaa wamesema ni haramu kupanda chombo pale ghalibu ya dhana inapokuwa ni kuangamia, hata kama safari ni ya 'ibaadah. Tunakumbuka MV Skagit iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 kwa upepo mkali na mawimbi. Nahodha anayekaidi amri ya kutotoka anabeba dhamana ya roho za watu.

Lakini tahadhari ina gharama, na gharama hiyo humwangukia mvuvi kwanza. Akikaa siku tatu pwani, jungu lake halipandi. Haifai tumwambie asitoke kisha tumwache na njaa. Kamati ya msikiti iwe na fungu la sadaka kwa siku hizo, na akiwa ni fakiri au maskini anastahiki zakaah pia. Na mwenye duka asifiche unga na mafuta kungojea bei ipande. Huo ni uhodhi uliokatazwa.

'Ibaadah wakati wa dhoruba

*Du'aa.* Haifai kuutukana upepo, kwani umeamrishwa na Allaah. Sunnah upepo unapovuma ni kumuomba Allaah khayr yake, khayr iliyomo ndani yake na khayr iliyotumwa nayo, na kujikinga Kwake na shari ya hayo yote. Mvua ikizidi hadi kudhuru, huombwa Allaah Aielekeze pembezoni mwetu, kwenye vilima na mabonde na panapoota miti. Mama wa Waumini 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) ameeleza kwamba Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akiona wingu zito uso wake hubadilika, akiingia na kutoka, hadi mvua inyeshe. Basi khofu si aibu. Khofu iliyo sawa humpeleka mtu kwenye du'aa na tawbah.

*Jamaa na Ijumaa.* Mvua kubwa, tope na upepo mkali wa usiku ni udhuru wa kuswali nyumbani. Ibn 'Abbaas (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) alimuamrisha muadhini siku ya Ijumaa ya mvua awaambie watu waswali majumbani mwao. Anayeikosa Ijumaa kwa udhuru huo ataswali Adhuhuri rakaa nne.

*Kukusanya Swalaah.* Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy inajuzu kwa mvua kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na 'Ishaa, katika wakati wa ile ya kwanza. Sharti zake: mvua iwe inaroanisha nguo, iwe inanyesha wakati wa kuhirimia Swalaah ya kwanza, wakati wa kuitolea salaam na wakati wa kuhirimia ya pili, na iwe ni kwa wanaoswali jamaa mahali panapowatia mashaka kupafikia. Anayeswali nyumbani kwake hakusanyi kwa mvua. Wala haichelewi ya kwanza hadi wakati wa pili kwa sababu hiyo, kwani mvua huweza kukatika.

*Wanawake katika vituo vya kujihifadhi.* Mwanamke asibaki katika nyumba inayokaribia kuanguka kwa kuona haya kwenda kwenye skuli yenye watu wengi. Kuokoa nafsi ni wajibu, na wasimamizi watenge chumba au pazia. Hata aliyeko edani, Mafuqahaa wamemruhusu kutoka nyumbani akikhofia nyumba kuporomoka au kuzama, na atarejea kwenye hukmu za eda yake pale atakapokaa.

Baada ya dhoruba

Usiguse nyaya zilizoanguka. Chemsha maji ya kisima kilichoingiliwa na mafuriko, kwani kipindupindu hufuata nyuma. Aliyekufa kwa kuzama au kwa kuangukiwa na jengo anatarajiwa kuwa shahidi wa Akhera. Huyo huoshwa, hukafiniwa na huswaliwa kama maiti wengine. Aliyepotea baharini, ikipatikana yakini ya kufa kwake, huswaliwa Swalaah ya ghaibu.

Hitimisho

Anayeupuuza utabiri wa kweli na anayeusambaza wa uongo wana kosa moja: wote wawili hawakuhakikisha. Muislamu husikiliza kwa mwenye ujuzi, hufunga ngamia wake, hutazama jirani yake ana nini jikoni, kisha humuachia Mola wake lililobaki. Ikipita salama, amshukuru Allaah bila ya kumkejeli aliyemuonya.

Tunamuomba Allaah Avihifadhi visiwa vyetu na watu wake, na Awarehemu waliotangulia kwa misiba hii.

Na Allaah Anajua zaidi.