Betri Yangu "Mpya" na Watoto wa Owino Uhuru

Juzi stima ilipotea Ukunda nikiwa namalizia kuhariri video. UPS ikalia tit tit mara mbili, kisha kimya. Hata dakika moja haikufika. Na betri yake nilikuwa nimeibadilisha miezi minne tu iliyopita, muuzaji akaniapia kwa Mungu kwamba ni mpya.

Nikaifungua. Stika ya juu inang'aa, lakini kona moja imeinuka. Nikaivuta polepole. Chini yake kuna stika nyingine iliyofifia, ya kampuni tofauti kabisa. Wasee, nilikuwa nimeuziwa maiti iliyovalishwa suti.

Nikaipeleka kwa fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu. Akaipima, akacheka. "Mwanangu, hii ilikufa zamani. Lakini usiitupe, kuna watu wanazinunua kwa kilo."

Hapo ndipo nikakwama. Kitu kilichokufa kinanunuliwa kwa kilo, kwa nini? Chuo niliacha, lakini swali likinishika silali.

Nikaanzia kwa babu, kule Msambweni. Kabla stima ifike kwao, alikuwa na runinga ndogo nyeusi na nyeupe inayotumia betri ya gari. Kila baada ya siku kadhaa aliifunga nyuma ya baiskeli, akaipeleka kuchajiwa kwa pesa. Kombe la Dunia la 1990, Kameruni ya Roger Milla ikicheza robo fainali na Uingereza, ua mzima umejaa watu. Mechi ikaingia muda wa ziada, betri ikaisha. Matokeo waliyasikia kwa redio: Kameruni 2, Uingereza 3. Babu mpaka leo anaongea kama aliyeibiwa.

Na hakuwa peke yake. Wakenya wengi wa mashambani waliishi hivyo, na sola ilipoanza kuuzwa miaka ya 80 wengi waliitaka kwa sababu ya runinga, ili wapumzike na safari za kuchaji. Tatizo ni kwamba betri ya gari imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, gari liwake. Ukiinyonya usiku kucha kila siku, unaiua. Kwa hivyo betri mbovu zimekuwa nasi muda mrefu.

Ndani yake kuna risasi (metali, sio ya bunduki) na asidi. Mfaransa Gaston Planté alibuni aina hii 1859, na UPS yangu ya leo bado ni mjukuu wake. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, na karibu yote inaweza kutolewa na kutumika tena. Ndiyo maana ya kilo. Betri iliyokufa ina njia mbili: ibandikwe stika urudishiwe wewe, au iende kuyeyushwa.

Na ya pili tunaijua hapa Pwani. Owino Uhuru, Mombasa, kijiji cha watu kama 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani mwa nyumba zao. Moshi ukaingia vyumbani, maji machafu yakapita njiani. Phyllis Omido aliajiriwa pale 2009, na mtoto wake mchanga akaugua. Vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu ya mtoto, aliyekuwa akinyonya. Akaacha kazi, akaanza kupigana. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akapewa tuzo ya Goldman 2015. Julai 2020 mahakama ikawapa wanakijiji shilingi bilioni 1.3. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikafuta. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikianza alikuwa na miaka 17 siku hiyo. Na risasi huharibu ubongo wa mtoto, hakuna hukumu inayourudisha.

Nilimuuliza fundi hao wa kilo huzipeleka wapi. "Mimi napewa hela, natoa betri."

Tangu ule usiku wa Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia gizani, hadi JKIA, kila mtu ninayemjua anataka UPS au inverta. Sasa mimi nanunua hivi: natafuta tarehe ya kutengenezwa kwenye plastiki yenyewe, maana stika hudanganya. Nikikuta imekaa dukani zaidi ya miezi sita naiacha, kwa sababu betri ikilala bila chaji hujaa salfeti ndani. Nawaambia waipime mbele yangu. Ile ya volti 12 ikisoma chini ya 12.5, asante, kwaheri. Na joto letu la Diani linaila haraka, kwa hivyo UPS nimeitoa karibu na dirisha la jua. Najua mtasema lithiamu. Sawa, lakini chaja ya UPS ya kawaida haikuundwa kwa ajili yake, na mfuko wangu pia.

Maduka mengine makubwa ya betri hupokea kuukuu na kukupunguzia bei ya mpya, na unaweza kuwauliza zinaenda kiwanda gani. Hela ni kidogo kuliko ya mtu wa kilo. Nina mbili chini ya meza, Jumamosi navuka nazo feri ya Likoni. Kama uko Ukunda na una yako, niambie, mkoba bado una nafasi.