Nyonga Bandia na Misuli Iliyo Njiani

Historia ya nyonga bandia husimuliwa zaidi kama historia ya chuma na plastiki. Novemba 1962, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, John Charnley alipachika kikombe cha plastiki ngumu na kichwa cha chuma chenye kipenyo cha milimita 22 tu. Mafanikio yake yakaenea duniani. Lakini mtu hutembea kwa misuli, na misuli hiyo ndiyo inayomzibia daktari njia ya kuifikia nyonga.

Charnley aliona heri akate mfupa kuliko misuli. Ukisimama ukabonyeza ubavu wa paja kwa juu, utaigusa nundu ya mfupa. Hapo ndipo hushika misuli ya makalio inayozuia kiuno kisilale upande kila unapoinua mguu mmoja. Charnley aliikata nundu hiyo kwa msumeno, akaipandisha pamoja na misuli yake, kisha akaifunga tena kwa waya, maana mfupa huungana na mfupa mwenzake vizuri. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa nundu haikuunga, waya zikakatika, na mtu akabaki anachechemea, mwendo ambao Friedrich Trendelenburg wa Ujerumani alikwisha kuueleza mwaka 1895.

Mwaka 1982, mwaka aliofariki Charnley, Kevin Hardinge wa Wrightington hiyo hiyo alichapisha njia ya ubavuni: mfupa unaachwa mzima, sehemu ya mbele ya misuli hiyo ya makalio inabanduliwa na kushonwa. Kuchechemea hakukuisha. Madaktari waliopitia nyuma ya nyonga waliinusuru misuli hiyo, ila walikata ile midogo inayozungusha paja, na isiposhonwa vizuri nyonga huteguka kwa urahisi zaidi.

Robert Judet wa Ufaransa alikuwa amekwisha kupitia mbele ya nyonga tangu 1947, akipenya katikati ya misuli bila kuikata. Joel Matta aliieneza njia hiyo Marekani kuanzia 1996, na leo inatangazwa kana kwamba haijeruhi chochote. Hilo ni kutia chumvi. Misuli huvutwa na kuchubuliwa na vyuma vya kupanulia kidonda, na ngozi ya paja huweza kufa ganzi. Wiki za mwanzo mgonjwa huwa na nafuu zaidi, lakini baada ya mwaka tofauti huwa ndogo.

Kwa hiyo ukiambiwa unahitaji nyonga bandia, usiulize aina ya chuma peke yake. Muulize daktari atapitia wapi, njia hiyo ameizoea kiasi gani, misuli ipi itaguswa, na ataishonaje.